Mwisho wa Ulimwengu na Onyo la Padre Lemaître



Swali la mwisho wa ulimwengu si la makatekista peke yao. Mwaka 1854 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alifundisha kwamba, kwa kuwa joto huhama daima kutoka kilicho moto kwenda kilicho baridi, iko siku vitu vyote vitalingana joto, na hapo kila mwendo utakoma. Ilionekana kana kwamba sura ya mwisho imekwisha kuandikwa.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1922 Mrusi Alexander Friedmann, akizifuata kanuni za Einstein, alionyesha kwamba ulimwengu waweza kutanuka, kisha ukajikunja tena. Mwaka 1927 Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, alieleza kwamba galaksi zinaachana kwa sababu anga lenyewe linatanuka. Na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilianzia katika chembe moja.

Hapo ndipo lilipozuka jaribu. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pio XII, akihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, aliiona elimu hiyo mpya kuwa kama shahidi wa uumbaji. Sisi tungetarajia Lemaître afurahi. Hakufurahi. Alijua kwamba nadharia hupimwa, hurekebishwa, na pengine hutupwa. Mwaka 1952, Papa alipozungumza na wanafalaki, hakuurudia usemi ule. Na mwaka 1958 Lemaître alisisitiza hadharani kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini.

Historia imempa haki. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, wakipima nyota zilizolipuka mbali sana, walitarajia kuona mtanuko ukipungua kasi, wakakuta unaongezeka! Ugunduzi huo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kama ukiendelea hivyo, nyota zitazimika moja baada ya nyingine, na kubaki giza na baridi. Lakini mwaka 2024, na tena 2025, vipimo vya darubini iliyoko Arizona, Marekani, vilitoa dalili kwamba nguvu inayosukuma mtanuko huo huenda inafifia. Dalili hizo hazijathibitishwa. Zikithibitishwa, hesabu ya mwisho itafunguliwa upya.

Ndugu zangu, aliyejenga imani yake juu ya hesabu za 1854 angelazimika kuhama mara ngapi? Tusiiogope sayansi, wala tusiigeuze nguzo ya altare. Wanafalaki waachwe wapime kwa uhuru. Tumaini letu halikuegemea kasi ya galaksi, bali uaminifu wa Yeye aliyeziita ziwepo; na uaminifu huo haungoji vipimo vya mwaka ujao.