Akec Makur Chuot

Akec Makur Chuot (alizaliwa mwaka 1992) ni mchezaji wa mpira wa miguu wa Kiaustralia mwenye asili ya Sudan Kusini. Katika ligi kuu ya wanawake ya mchezo huo, inayojulikana kwa kifupi kama AFLW, amechezea klabu tatu: Fremantle, Richmond na Hawthorn. Anatambuliwa kama mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Sudan Kusini kucheza katika ligi hiyo. Jina lake la kwanza hutamkwa "Akech", kwa kuwa herufi c katika maandishi ya Kidinka husomwa kama ch.

Maisha ya awali

Akec alizaliwa wakati eneo la Sudan Kusini lilipokuwa bado sehemu ya Sudan, katika miaka ya vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe (1983–2005). Familia yake ilikimbilia Kenya, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wilaya ya Turkana wakati huo, kaskazini-magharibi mwa nchi. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, mwaka uleule aliozaliwa. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 12, alihamia na familia yake mjini Perth, Australia Magharibi. Kabla ya kuujua mpira wa Kiaustralia alikuwa mwanariadha wa mbio, na kasi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa silaha yake kubwa uwanjani.

Mchezo wenyewe

Mpira wa Kiaustralia ni tofauti na soka. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja ni wa umbo la yai, na mpira vilevile. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira na kukimbia nao, mradi audundishe chini kila baada ya meta 15. Humpa mwenzake kwa kuupiga teke au ngumi, lakini haruhusiwi kuurusha. Kila upande wa uwanja una nguzo nne: teke linalopita kati ya nguzo mbili za katikati ni goli lenye alama 6, na mpira unaopita kati ya nguzo ya katikati na ya pembeni huleta alama 1. Katika AFLW kila timu huwa na wachezaji 16 uwanjani, na kwa wanaume ni 18.

Fremantle

AFLW ilianza mwezi Februari 2017 ikiwa na klabu nane. Wachezaji wengi walipatikana kwa njia ya uteuzi, ambapo klabu huchagua majina kwa zamu. Akec alichaguliwa na Fremantle mwishoni mwa uteuzi wa mwaka 2016, akacheza katika msimu huo wa kwanza.

Ligi hiyo haikuwa na mshahara wa kutosha kuishi. Kila timu ilicheza mechi saba za kawaida, na wachezaji wengi walilipwa dola 8,500 za Australia kwa msimu mzima, hivyo waliendelea na kazi au masomo yao. Baada ya msimu mmoja tu Fremantle ilimwacha Akec.

Richmond

Badala ya kuacha mchezo, alihama Perth kwenda Melbourne, upande wa pili wa nchi, na kuanza upya ngazi ya chini katika ligi ya jimbo la Victoria. Alichezea timu ya wanawake ya Richmond, ambayo ilikuwa bado haijaingia AFLW. Klabu hiyo ilipoingia ligi kuu mwaka 2020, Akec alisajiliwa na hivyo akarudi AFLW, hasa kama mchezaji wa safu ya ulinzi. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: Richmond ilipoteza mechi zake zote sita. Ushindi wake wa kwanza ulipatikana mwaka 2021 dhidi ya Geelong.

Hawthorn

Mwaka 2022 alijiunga na Hawthorn, moja ya klabu nne zilizoingia AFLW mwaka huo pamoja na Essendon, Sydney na Port Adelaide. Kuingia kwao kulifanya ligi kuwa na klabu 18, sawa na ile ya wanaume.

Mchango wake

Nje ya uwanja Akec amefanya kazi ya kuwavuta vijana wa familia za wahamiaji, hasa wasichana, waingie katika mchezo huo. Kwa upande wa wanaume njia ilifunguliwa na Majak Daw, mzaliwa wa Sudan, aliyeanza kuichezea North Melbourne mwaka 2013. Kakuma imetoa wanamichezo wengine wa Australia pia: Aliir Aliir, mchezaji wa Sydney na baadaye Port Adelaide, alizaliwa kambini humo, kama Awer Mabil aliyecheza soka katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar.