Ndugu Wawili wa Gereji

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakizipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dar es Salaam ilimpata shujaa wake, Bert Shankland, mshindi wa 1966 na 1967. Lakini mwaka mmoja kabla yake walitangulia ndugu wawili wa Kenya. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant wakawa Waasia wa kwanza kushinda, nao waliendesha Volvo kuukuu iliyokwisha kushindanishwa mwaka 1964! Wapo watakaosema ni bahati. Ila bahati haikazi nati. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, pasipo Jaswant ubavuni.