Mmea unaokula nzi: namna ya kuutunza kwetu Kasongo, na mambo usiyategemee kwake

Wengi wetu hapa Kasongo na Kabambare tumeshauona kwenye telefone. Jani limefunguka kama mdomo wenye meno, nzi anatua, na mara moja jani linafunga. Video inazunguka toka WhatsApp moja mpaka ingine, na chini yake watu wanauliza swali moja: je, mmea huu unaweza kutusaidia na mbu?

Jibu ni hapana, na tutaeleza sababu. Lakini kuna watu ambao tayari wanao nyumbani, wameletewa na ndugu toka Ulaya au wameununua katika miji mikubwa, na wanauliza namna ya kuutunza. Kwa hawa pia tuko na la kusema.

Kwanza, mmea ni wa kweli, siyo mchezo wa video. Kwa Kifaransa wanauita dionée, na jina lake la kisayansi ni Dionaea muscipula. Asili yake ni sehemu ndogo sana ya dunia: nyika zenye maji maji na mchanga karibu na mji wa Wilmington, katika majimbo ya North Carolina na South Carolina huko Marekani. Mwaka 1759 Arthur Dobbs, gavana wa North Carolina wakati wa ukoloni wa Uingereza, aliandika barua juu ya mmea wa ajabu unaokamata nzi. Mwaka 1768 John Ellis wa London aliupa jina la kisayansi. Halafu Charles Darwin aliuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1875 akatoa kitabu kizima juu ya mimea inayokula wadudu. Leo mimea inayouzwa madukani inazalishwa katika nyumba za vioo, kwa sababu porini imepungua. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2014, mtu akiuiba porini huko North Carolina anahesabiwa kufanya kosa kubwa la jinai.

Mimi mwenyewe niliwahi kuua mmoja. Binamu yangu aliutoa Ulaya ndani ya kikopo cha plastiki, ukafika Kindu kwa ndege, kisha ukapanda pikipiki mpaka Kasongo. Ulifika mzima, majani saba, mdomo ndani ukiwa mwekundu. Nikafurahi sana. Nikautendea vizuri kama vile mama yangu anavyotendea lenga-lenga zake: udongo mweusi, mavi ya mbuzi yaliyokauka, maji ya kisima asubuhi na mangaribi. Watoto wa parseli wakawa wanaulisha vipande vya nyama. Juma la tano ulikuwa umeoza. Nilidhani ni safari iliyouchosha. Kumbe kila kitu nilichofanya kwa upendo kilikuwa sumu kwake.

Ili uelewe, ujue namna unavyoishi. Udongo wa kwao ni maskini kabisa, hauna chakula. Mimea mingine ingekufa pale. Huu ulipata njia ingine: unachukua nguvu katika jua kama mmea wowote wa kijani, lakini kile ambacho wengine wanakitafuta katika mbolea, wenyewe unakipata katika mwili wa mdudu. Mizizi yake haikuzoea chumvi za udongo. Ukiuwekea mbolea, ya mbuzi au ya dukani, unaichoma mizizi. Udongo wa shamba vilevile, hata ule tunaousifu kwa muhogo na mpunga.

Basi ukiupokea, uache katika udongo uliokuja nao. Kwa kawaida ni ile takataka ya majani ya zamani iliyooza ndani ya maji, ambayo Wafaransa wanaiita tourbe. Congo yetu iko nayo nyingi kuliko nchi karibu zote za kitropiki: katika bonde la kati, upande wa Équateur na Mai-Ndombe na kuvuka mpaka Congo-Brazzaville, wanasayansi walitangaza mwaka 2017 kwamba inafunika kilomita za mraba karibu 145,500. Lakini huko ni mbali na sisi, haiuzwi sokoni Kasongo, na ni afadhali ibaki ilipo. Kama kikopo kimepasuka na ni lazima kuhamisha, hamisha mmea pamoja na udongo wake, na ujazie pembeni mchanga mweupe wa mtoni. Mchanga huo uoshe kwa maji ya mvua mara nyingi, mpaka maji yatoke safi.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi tunapoanguka. Maji ya kisima, ya chemchemi, ya forazhi, hata ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya kunywa, yote yanabeba chumvi za mawe. Kwa mtu ni mazuri. Kwa mmea huu, chumvi zinajikusanya kidogo kidogo ndani ya kikopo mpaka mizizi ife. Kuchemsha hakusaidii: mvuke unapanda, chumvi nyingi inabaki, na maji yanazidi kuwa makali. Kuchuja kwa kitambaa pia ni bure.

Unahitaji maji ya mvua, na Mungu hakutunyima. Kinga chini ya manjanja, lakini siyo dakika za kwanza. Acha mvua ioshe vumbi na mavi ya ndege kwa muda wa robo saa, ndipo uweke bidoni. Tatizo ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mvua zinakatika, kwa hiyo weka akiba mapema. Kwa mmea mmoja mdogo, bidoni mbili za litre 20 zinatosha. Zifunge vizuri.

Namna ya kumwagilia ni hii: weka kikopo chenye matundu chini ndani ya sahani, na katika sahani maji ya kimo cha sentimita moja au mbili. Mmea unywe toka chini. Usiumwagie juu ya midomo. Lakini angalia sana, sahani hiyo ya maji ni nyumba ya mbu. Mbu anataga humo, na katika joto letu juma moja au siku kumi tu zinatosha watoto wake kutoka wakiruka. Mtu aliyeleta mmea nyumbani juu ya kupunguza mbu anajikuta anawafuga. Kila siku ya tatu mwaga maji yote ya sahani, isugue, weka mapya.

Jua ni rahisi kwetu. Uweke nje, mahali penye jua la moja kwa moja saa tano au sita kwa siku. Ndani ya nyumba zetu zenye madirisha madogo utakonda, majani yatakuwa marefu na dhaifu, na midomo haitapata ule wekundu. Ukitoka katika giza la katoni, uuzoeshe polepole: siku chache kwenye baraza, ndipo jua lote. Joto lenyewe siyo adui, hata Wilmington wakati wa joto inapita digrii 30. Maadui wako parseli: kuku atauchakura siku ya kwanza, mbuzi atautafuna. Uweke juu.

Kuhusu chakula, watu wanazidisha. Mmea ulio nje unajitafutia wenyewe. Usiupe nyama, wala samaki, wala sombe iliyobaki. Vinaoza na mdomo unakuwa mweusi. Ukitaka kuulisha, mdudu mmoja mdogo kwa mdomo mmoja, asiyepita theluthi moja ya ukubwa wa mdomo wenyewe, na iwe mara moja kwa majuma mawili au matatu. Awe mzima. Ndani ya kila mdomo kuna nywele ndogo, mara nyingi tatu kila upande. Mdudu akigusa mara moja, hakuna kitu. Akigusa mara ya pili kabla ya sekunde 20 hivi kupita, mdomo unafunga kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akiendelea kupigana ndani, ndipo unajua ni chakula na unatoa maji ya kumyeyusha. Kazi hiyo inachukua siku tano mpaka kumi na mbili. Mmea unahesabu, kwa lugha nyepesi, ili tone la mvua lisiudanganye.

Hapo utaelewa kwa nini tunawakataza watoto kuingiza vidole na vijiti. Kidole hakitaumia hata kidogo. Lakini kila kufunga bure kunaumaliza mmea nguvu, na kila mdomo unaweza kula mara chache tu katika maisha yake, kisha unakauka. Mdomo mmoja ukiwa mweusi, usiogope, ukate kwa makasi safi. Yote ikiwa meusi ndipo uanze na kuchunguza maji. Na kijiti cha maua kikianza kupanda katikati, mmea mdogo au uliochoka ukatie mapema, kwa sababu maua yanakula nguvu nyingi.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalisemi. Kwao kuna majira ya baridi. Kila mwaka, miezi mitatu au minne, siku zinakuwa fupi, baridi inaingia, na mmea unalala. Bila usingizi huo unaweza kuendelea mwaka mmoja au zaidi, lakini unadhoofika, na mwisho unakufa. Sisi tuko karibu na Ikweta: mchana wetu una saa 12 karibu mwaka mzima, na hata usiku wa kiangazi haufikii baridi ile. Wenye mimea hii katika nchi za joto wanatumia frigo. Wanaung'oa, wanaosha mizizi, wanaifunga ikiwa na unyevu kidogo, ndani ya mfuko, kwenye digrii nne hivi kwa miezi mitatu. Lakini lazima frigo iwake mfululizo. Ile yetu inayofuata jua la pano mchana na kuzimika usiku inauozesha. Nasema wazi: mwenye umeme wa hakika ajaribu, wengine tuuangalie kama ua la muda.

Ndiyo sababu mimi siwezi kumshauri mtu atume pesa kuagiza. Mbegu zinazosifiwa katika telefone, kama ni za kweli, zinachukua miaka mitatu mpaka mitano kufikia utu uzima. Tena mmea huu umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES juu ya biashara ya viumbe, na mimea yoyote inayovuka mpaka inahitaji cheti cha afya. Anayeubeba toka Bujumbura au Ulaya aulize kwanza huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV, asije akanyang'anywa njiani.

Tukirudi kwa mbu na nzi, piga hesabu mwenyewe. Mmea wa midomo saba, kila mdomo ukishughulika juma zima na mdudu mmoja, unakula wadudu saba kwa juma. Tena huko porini kwao wanaokamatwa zaidi ni sisimizi na buibui. Wanaoruka hawafiki watano katika mia. Malaria ya watoto wetu haitasimamishwa na kikopo cha plastiki. Lala ndani ya chandarua, kifukie chini ya godoro, mwaga maji yaliyosimama katika matairi na makopo. Nzi nao, ufunike choo na chakula. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku ileile.

Na kama ni hamu ya kuona tu, Congo ina mimea yake inayokula wadudu. Katika nyanda za juu za Katanga kuna Drosera, yenye majani madogo mekundu na matone yanayonata kama umande. Mmoja wake, Drosera katangensis, umepewa jina la mkoa huo. Katika mabwawa na madimbwi ya Afrika ya joto kuna Utricularia, isiyo na mizizi, inayoelea ikiwa na vifuko vidogo chini ya maji. Mdudu wa maji akigusa mlango wa kifuko, anavutwa ndani kwa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, haraka kupita ile ya Marekani mara nyingi. Kinachoonekana juu ni ua dogo tu, mara nyingi la manjano, limesimama peke yake juu ya maji yaliyotulia. Ukiliona, liache palepale. Ndani ya kikopo halitadumu.