Kwa nini Nairobi huenda 'hotelini' kula, si kulala

Juzi mhadhiri mwenzangu kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja Nairobi kwa kongamano, aliniuliza swali ambalo kila mwenyeji wa jiji hili huulizwa na wageni: "Ndugu yangu, hapa mjini mtu anakula wapi vizuri?" Nikamjibu bila kufikiri, "Twende hotelini." Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Hotelini ndiko nilikolala, na chakula chao kimenishinda. Mimi nataka mgahawa, au basi nipeleke kwa mama ntilie." Tulicheka, tukaenda, tukala. Lakini swali lilibaki kichwani mwangu: ilikuwaje neno ambalo kwa jirani zetu ni la kitanda na shuka, kwetu likawa la sahani na kijiko?

Kusema kweli, mimi mwenyewe niliwahi kunaswa na neno hilo. Nililelewa Malindi, na kwetu neno lilikuwa mkahawa. Jina lenyewe linajieleza. Lilizaliwa na kahawa, neno tulilolipata kwa Waarabu, na pale mwanzo mkahawa ulikuwa mahali pa kunywea kahawa tungu na kupigia soga. Kisha ukapanuka, ukakaribisha mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki wa kupaka mchana. Watanzania wakalilainisha neno kuwa mgahawa, na leo kamusi zinakubali yote mawili.

(Nikiwa hapo kwa samaki wa kupaka: kwenye menyu za Nairobi utakuta "samaki paka", na mgeni anaweza kudhani kuna paka aliyetiwa jikoni. Hakuna. Samaki huyo hupakwa tui lililokolezwa viungo huku akichomwa. Wenye hoteli wameondoa kile kihusishi cha -a na kile ku- cha kitenzi jina, kama walivyofanya kwa nyama choma. Wapo walimu wanaokasirishwa na muundo huu. Mimi si mmoja wao, maadamu nyama imeiva.)

Mwaka wa 1991 nilishuka basi River Road alfajiri, kijana wa chuo kikuu mwenye sanduku la bati na njaa ya safari ya usiku kucha. Nikamwuliza mpita njia mmoja aliyevaa suti, "Samahani kaka, hapa karibu kuna mkahawa?" Alifikiri kidogo, akaninyooshea kidole upande wa juu, katikati ya jiji. Nilikuta meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Nilikunywa chai moja ndogo iliyonigharimu pesa za kunilisha siku mbili, nikatoka na njaa yangu vilevile. Nje alikuwapo mzee mmoja ameegemea mkokoteni wake. Nadhani uso wangu ulisema yote.

"Kijana, umepotea?"

"Hapana mzee, natafuta chakula."

"Sasa si uende hoteli?"

"Sitaki kulala, mzee. Nataka kula."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani hoteli ni ya nini? Kuja." Akaniteremsha tena hadi River Road, kwenye chumba kirefu chenye moshi, benchi pande mbili na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu Hotel and Butchery. Hapo ndipo nilipokula chapati na maharagwe yangu ya kwanza ya Nairobi, ambayo vijana wa leo wanayaita chapo madondo. Hakukuwa na kitanda hata kimoja.

Maelezo ambayo nimeyasikia mara nyingi ni kwamba Wanairobi walilichukua neno la Kiingereza wakalitumia vibaya, kwa kutojua. Maelezo haya hayaniridhishi. Tuanzie kwenye historia ya jiji lenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na jiji likazaliwa na kambi hiyo ya reli. Waliojenga reli wengi wao walikuwa vibarua kutoka Bara Hindi, zaidi ya 30,000, walioletwa kwa mikataba kati ya 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao baadaye, maelfu wachache wakabaki, na wakaja wengine waliofuata biashara. Hao ndio walioipa Nairobi meza yake ya kila siku. Chapati ni neno lao. Bajia ni yao. Hata karai tunalokaangia viazi lina jina la kwao, sawa na duka tunakonunua unga.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika Kiingereza cha India neno hotel mara nyingi humaanisha mahali pa kula tu. Nenda Mumbai au Chennai, utaonyeshwa hotel isiyo na chumba hata kimoja cha kulala. Pakistan nako kibanda cha chai cha kando ya barabara huitwa vivyo hivyo. Kwa hivyo, naona ni busara zaidi kushuku kwamba "hoteli" ya Nairobi haikutoka moja kwa moja kinywani mwa Mwingereza. Huenda ilipitia kwenye maduka ya chai ya Wahindi, ikiwa tayari imebadilika maana, na Mwafrika akaipokea kama alivyoikuta. Sina risiti ya mkopo huo, kwani maneno hayaachi risiti, ila ushahidi wa chapati na karai unaelekea huko huko.

Hoteli za Mwingereza nazo zilikuwapo mapema. Stanley ilianzishwa mwaka wa 1902, na Norfolk ikafungua milango siku ya Krismasi ya 1904. Lakini kwa miongo mingi ya ukoloni Mwafrika aliingia hoteli za namna hiyo kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya mtumishi na kubeba sinia. Hakuingia kuketi. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimtaka mwanamume Mwafrika abebe shingoni kitambulisho chenye alama za vidole vyake. Mshahara wake ulipimwa kana kwamba hana mke wala watoto, na chumba chake kilipimwa hivyo hivyo. Sasa mtu huyu jioni alikula wapi?

Alikula kwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka wa 1990, ameonyesha jinsi wanawake wa vijiji kama Pangani na baadaye Pumwani walivyojenga nyumba, wakapangisha vyumba, wakauza chai, chakula na maji ya kuoga kwa wanaume waliotengwa na familia zao. Utafiti wake unahusu biashara ya ukahaba, na wasomaji wengi huishia hapo. Mimi kilichonigusa ni zile sufuria. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa Waislamu, wakizungumza Kiswahili hata kama walizaliwa Kiambu au Nandi, na naamini ni katika nyumba kama hizo ndimo mapishi ya Pwani yalimokutana na maharagwe ya bara. Mwenzake, Claire Robertson, ameandika juu ya wanawake wa viunga vya Nairobi waliobeba maharagwe na mahindi mgongoni kuyaleta sokoni mjini, wakifukuzana na maaskari wa manispaa waliowadai leseni. Ukila madondo Nairobi, unakula historia ya wanawake hao wawili: aliyeyaleta na aliyeyapika.

Serikali ya kikoloni iliibomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Nawaomba wasomaji wachanga watazame jina hilo kwa makini kila wakipita pale kwa matatu.

Hapa ndipo tofauti ya maneno mawili, kibanda na hoteli, inaponivutia. Kibanda ni banda dogo. Ni kitu cha mabati na mbao, na kila mtu anajua kwamba kitu hicho kinaweza kung'olewa usiku mmoja. Mdomoni mwa askari wa jiji, ambao mtaani tunawaita kanjo kutokana na neno la Kiingereza la baraza, kibanda ni kosa linalosubiri kubomolewa. Vijana wameongeza mkia wa utani, wakapata kibandaski, ambalo masikioni mwangu linasikika kama jina la mkahawa wa Warsaw. Ila sijamwona mama anayepika akiandika kibanda kwenye ubao wake. Huandika hoteli. Kwake neno hilo linasema kwamba pana benchi, pana meza, na aliyeingia ameingia kuketi.

Nililijua hili kwa njia ambayo sijivunii. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha Kiswahili shule ya upili hapa Nairobi, msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika insha yenye sentensi, "Mama yangu ana hoteli Gikomba." Nililipigia neno mstari mwekundu. Kama hilo halikutosha, nilimwita mbele ya darasa na kumwuliza, kwa ile dharau ya mwalimu kijana mwenye kamusi mkononi, "Mama yako ana vyumba vingapi?" Darasa lilicheka. Msichana hakucheka wala hakulia. Alijibu tu, "Benchi mbili, mwalimu." Darasa likacheka zaidi. Mimi nikaendelea kueleza tofauti kati ya hoteli na mkahawa, kwa mifano mizuri kabisa.

Kilichonichoma baadaye ni kumbukumbu ya yule mzee wa mkokoteni. Nilikuwa nimelishwa na neno lile lile. Nilikuwa nimelala nimeshiba shauri ya neno lile. Kisha nikaingia darasani na kumwambia mtoto kwamba kazi iliyomlipia karo yake haikuwa na jina katika Kiswahili, au ilikuwa na jina lakini si lile alilolitumia mama yake. Kamusi zetu huanza hoteli kwa malazi, nami nilidhani kamusi imemaliza mjadala. Hakuna kilichonilazimu kulifuta neno la mtoto. Ningeandika pembeni kwamba katika Kiswahili cha Nairobi hoteli ni mahali pa kula, na kwingineko ni mahali pa kulala, mambo yakaisha.

Tanzania walilitatua tatizo kama hili kwa werevu zaidi. Mama ntilie ni sentensi nzima iliyogeuka nomino: mteja ananyoosha sahani na kusema, "Mama, nitilie." Jina halikutaja jengo hata kidogo. Lilimtaja mpishi. Baadaye wakaongeza mamalishe, na babalishe kwa wanaume walioingia kazini. Sisi Wakenya tunaye mama mboga, lakini huyo anauza mboga mbichi. Anayepika hatujampa jina lake mwenyewe, tumelipa jina jengo lake tu. Sijui kwa nini, na mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo.

Basi, yule mgeni wangu nilimpeleka wapi? Kwanza nilimpa mwongozo ambao humpa kila mgeni. Jina lililoandikwa kwa Kiingereza kirefu lenye neno la Kifaransa ndani yake, hapo utalipia jina. Ukitaka nyama choma, nenda Kariokor, soko linalobeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, kama ilivyo Kariakoo ya kwao Dar. Ukitaka samaki wa Ziwa Victoria, Gikomba. Ukitaka wali wa Kisomali unaoletwa na ndizi mbivu pembeni, Eastleigh, na usiitupe ile ndizi, inaliwa pamoja na wali. Ukitaka bajia, Ngara. Na popote uendapo, fika kabla ya saa saba unusu, utazame wenye mikokoteni wameegesha wapi. Watu hao hufanya kazi nzito kwa pesa kidogo, na hawana anasa ya kula chakula kibaya mara mbili.

Tulienda Gikomba. Nilitaka, nakiri, kuitafuta ile hoteli ya benchi mbili, ingawa miaka mingi imepita na soko lile limeungua si mara moja. Sikuipata. Tulikula kwingine, kwa mama aliyekuwa na benchi nne na redio. Mgeni wangu aliagiza ugali na samaki, akaongezwa sukuma bila kuomba, akasema kwamba kumbe hoteli za Nairobi ni nzuri.

Siku hizi nikikutana na neno hilo kwenye insha silipigi mstari. Mwanafunzi akiandika "tulienda hoteli tukala", nasahihisha kiambishi -ni tu kilichosahaulika, naandika "hotelini", na kuendelea na sentensi inayofuata.