Diwani, Halmashauri na Mitaa: Maneno ya Sheria ya Mwaka 1982

Sera iliyofuta halmashauri za wilaya Tanzania Bara mwaka 1972 iliitwa Madaraka Mikoani. Mwanasarufi hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Kiambishi -ni hutaja mahali. Hakimtaji mwenye madaraka. Na ndivyo mambo yalivyokuwa. Madaraka yalisogea mikoani na wilayani, lakini yakakaa mikononi mwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na Serikali Kuu. Vikao vipya vya maendeleo vilikuwa na wawakilishi wa kata, ila havikuwa na uwezo wa kutoza kodi wala watumishi wa kuwajibika kwao. Mwakilishi aliweza kusema, kuamuru hakuweza.

Hatima hiyo ilikuwa ya ajabu kwa mtu aitwaye diwani. Katika miji ya Mrima, kabla ya utawala wa Kijerumani, diwani alikuwa mtawala, mwenye cheo cha ukoo na heshima zake. Neno lilipomfikia mjumbe wa kuchaguliwa lilikuwa limeshuka daraja, lakini lilibaki na harufu ya mamlaka. Halmashauri nayo ina asili ya Kiarabu, yaani watu wa shauri. Na shauri, kama ajuavyo kila Mswahili, laweza kutolewa lisifuatwe.

Miji ndiyo iliyorudishiwa mabaraza yake kwanza, kwa sheria ya mwaka 1978, baada ya huduma zake kudorora. Vijijini ilibidi kungoja Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, katika mahojiano, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia. Ni nadra mtawala kusema hivyo akiwa bado madarakani.

Sheria hiyo ilijadiliwa bungeni kwa Kiswahili ilhali imeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyerudishiwa haki yake aliipokea kwa jina la serikali za mitaa, ingawa kijijini kwake hapakuwa na mtaa hata mmoja: mtaa ni wa mjini, kijiji kina vitongoji. Jina halikumzuia kuelewa. Lililomgusa zaidi lilitoka katika sheria pacha, Na. 9, iliyohusu fedha. Kodi ya kichwa iliyofutwa mwaka 1969 ilirudi kwa sura ya kodi ya maendeleo, na wengi walimkumbuka diwani wao pamoja na mgambo waliowasaka wasiolipa. Tena diwani huyo, hadi mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, alipaswa kuwa mwanachama wa CCM.

Katiba ilirekebishwa, na Ibara ya 146 ikazungumzia kupeleka madaraka kwa wananchi. Hapa sarufi imebadilika: mahali pameondoka, mpokeaji ametajwa. Aliyebaki bila kubadilika ni mkurugenzi wa halmashauri, ambaye huteuliwa, hachaguliwi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Mgambo wakapungua njiani, na halmashauri zikazidi kutegemea ruzuku ya Hazina.