Ushindi wa Sasa na Gharama ya Baadaye: Memphis Grizzlies na Kuuzwa kwa Hasheem Thabeet, 2009–2011

Katika masimulizi ya michezo nchini Tanzania, jina la Hasheem Thabeet hutajwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaomkumbuka kama Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, na wapo wanaomtaja kama mfano wa bahati iliyopotea. Masimulizi yote mawili humtazama mchezaji na kuisahau timu. Makala haya yanaigeukia timu yenyewe, Memphis Grizzlies, iliyomchagua mwaka 2009 na kumtoa mwaka 2011 ili ishinde msimu uleule. Swali ni iwapo ushindi huo ulistahili gharama yake, na ni nani aliyeilipa.

Ikumbukwe kwamba NBA ina utaratibu usio na mfano katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kila mwaka timu hupeana zamu ya kuchagua wachezaji chipukizi, na kwa kawaida zilizofanya vibaya hutangulia. Kwa hiyo haki ya kuchagua ni mtaji: huweza kutunzwa, kubadilishwa, hata kutolewa miaka kadhaa kabla ya kuiva. Tarehe 25 Juni 2009 Memphis walikuwa na zamu ya pili, wakamchukua Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, aliyekuwa ametamba kwa kuzuia mitupo katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Aliyefuata, James Harden, alikwenda Oklahoma City. Stephen Curry alichukuliwa wa saba na Golden State.

Uchaguzi huo ulikuwa wa subira, kwani Thabeet aliujua mchezo huo akiwa tayari mwanafunzi wa sekondari na alihitaji muda uwanjani. Muda huo haukuwapo. Marc Gasol alikuwa ameshika nafasi ya kati tangu 2008, na majuma machache baada ya uchaguzi timu ikamleta Zach Randolph. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Timu iliyotangaza kwamba inajenga kesho ilikuwa imekwisha kuanza kuijenga leo yake bila yeye.

Februari 2011 Rudy Gay, mfungaji tegemeo, aliumia bega. Memphis wangeweza kuuacha msimu upite. Badala yake, tarehe 24 ya mwezi huo, waliwapa Houston Rockets wachezaji wawili, Thabeet na DeMarre Carroll, pamoja na haki ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya mwaka wa baadaye. Walichopata hasa ni Shane Battier, mlinzi mwenye umri wa miaka 32 ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha msimu huohuo.

Mkulima wa korosho wa Chiungutwa angeielewa biashara hiyo bila maelezo marefu. Kule Masasi na Newala, mwenye shida ya chakula au ada ya shule huuza kwa kangomba korosho ambazo bado ni maua mtini. Fedha huingia leo, na msimu ukifika mavuno huwa ya mwingine. Serikali hulaani kangomba, na kwa haki, kwa kuwa muuzaji hupunjwa bei na kipimo. Hata hivyo lawama hiyo mara nyingi husahau kuuliza fedha ile ilitumika kwa nini. Mtoto aliyebaki shuleni kwa korosho za kangomba hawezi kuhesabiwa sawa na pombe iliyonyweka kwa korosho hizohizo.

Memphis walizitumia vizuri. Hadi mwaka huo timu ilikuwa imecheza michezo 12 ya mtoano katika historia yake na kupoteza yote 12. Tarehe 17 Aprili 2011, ikiwa ya nane katika Kanda ya Magharibi, ilikutana na San Antonio Spurs walioongoza kanda. Zikiwa zimesalia sekunde 23.9, mtupo wa pointi tatu wa Battier uliwapa Memphis uongozi, na mchezo ukaisha kwa 101–98. Spurs waliondolewa kwa michezo 4–2. Raundi iliyofuata ilikwenda hadi mchezo wa saba, wakashindwa na Oklahoma City, ambao benchi lao lilikuwa na James Harden yuleyule.

Gharama ilikuwa ipi? Battier aliondoka mwishoni mwa 2011 kwenda Miami. Carroll aliachwa na Houston upesi, ingawa baadaye alikuwa nguzo ya Atlanta Hawks walioshinda michezo 60 msimu wa 2014–15. Hiyo ni hasara ya kweli. Haki ya kuchagua iliangukia nafasi ya 26 mwaka 2013, kwa sababu timu inayoshinda huishusha thamani haki yake yenyewe. Memphis walicheza mtoano misimu saba mfululizo, 2011 hadi 2017, na mwaka 2013 walifika fainali ya kanda. Kwa hesabu hiyo, biashara ya 2011 ilistahili.

Biashara kama hiyo haikustahili mara zote. Januari 2015 timu hiyohiyo ilitoa haki nyingine ya raundi ya kwanza kwa Boston ili impate Jeff Green. Safari hii iliondolewa na Golden State ya Curry, na Green akauzwa Februari 2016. Deni lilibaki likining'inia hata baada ya kizazi cha Gasol kutawanyika, na Boston walilipwa mwaka 2020 kwa nafasi ya 14. Lakini hata deni hilo ni dogo likilinganishwa na kosa la 2009, na kosa hilo halikutokana na pupa ya ushindi. Lilifanywa kwa jina la kesho, na timu isiyokuwa na nafasi ya kumkuzia mchezaji iliyemchagua.

Sehemu hiyo ya gharama haikuandikwa katika hesabu za Memphis. Thabeet alifika Houston akiwa na miaka 24, akacheza michezo michache, akapelekwa Portland Machi 2012, kisha akajiunga na Oklahoma City. Msimu wake wa mwisho katika NBA ulikuwa wa 2013–14.