Maswali 13 Baada ya Tetemeko la Lisbon

Miongoni mwa matetemeko makubwa ya ardhi yanayotajwa katika historia, lile lililoiangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, halikuwa kali kupita yote wala halikuua watu wengi kuliko yote, ila lilifuatwa na jambo lililokuwa geni kwa dola za wakati huo, yaani serikali kuwauliza raia wake, parokia kwa parokia, ni nini hasa walichokiona.

Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na ilipokaribia saa nne asubuhi makanisa yalikuwa yamejaa waumini na mishumaa imewashwa altareni. Ardhi ilitikisika kwa vishindo vitatu vilivyodumu dakika kadhaa, mapaa ya mawe yakawaporomokea waliokuwa ibadani, na mishumaa pamoja na majiko yaliyoachwa bila mtu yakazaa moto uliowaka kwa siku zipatazo tano. Wengi walionusurika walikimbilia ukingo wa mto Tagus, ambako hapakuwa na kuta za kuwaangukia, uamuzi uliokuwa wa busara kwa mtu anayekimbia nyumba lakini si kwa anayekabiliwa na bahari. Maji yalijivuta nyuma hata sakafu ya mto ikabaki wazi, pamoja na mabaki ya meli na shehena zilizozama zamani. Kisha, yapata dakika 40 baada ya mtikisiko wa kwanza, yakarudi kwa kishindo na kuwazoa waliokuwa ukingoni.

Wimbi la namna hiyo huitwa tsunami, neno la Kijapani lenye maana ya wimbi la bandarini, nalo hutokea pale sakafu ya bahari inapoinuka au kudidimia ghafla na kuyasukuma maji yote yaliyo juu yake. Katika kina kirefu hupita bila kutambuliwa na mabaharia, lakini likifika penye maji machache hupunguza mwendo na kuinuka. Chanzo cha wimbi la Lisbon kilikuwa chini ya Atlantiki, upande wa kusini-magharibi wa Ureno, ambako bamba la Afrika, yaani kipande kimojawapo cha gamba la dunia, hukandamizana na lile la Ulaya na Asia, ingawa wanasayansi hawajaafikiana ni ufa upi hasa ulioteleza. Pwani za Morocco na Uhispania zilipigwa vibaya, maji yakapanda hadi visiwa vya Karibi siku hiyohiyo, na hata maziwa ya Uskoti yakaonekana yakiyumba. Waliokufa Lisbon pekee hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu.

Mfalme José wa Kwanza, ambaye hakudhurika, aliingiwa na hofu ya kulala chini ya paa la mawe hata akahamishia makao yake katika mahema na majengo ya mbao huko Ajuda, akimwachia kazi waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, anayejulikana zaidi kwa cheo alichopewa baadaye cha Marquês de Pombal. Waziri huyo, ambaye ukatili wake dhidi ya wapinzani haufai kusahauliwa kwa sababu ya uhodari wake, alisambaza mwaka 1756 hati ya maswali 13: tetemeko lilianza saa ngapi na likadumu muda gani, je, mtikisiko ulizidi kutoka upande mmoja, nyumba ngapi zilianguka, bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza, chemchemi na visima vilibadilika vipi. Hakuna swali lililohoji dhambi za mji, ilhali padri Gabriel Malagrida aliandika mwaka huohuo kwamba chanzo kilikuwa ghadhabu ya Mungu, akafukuzwa mjini na hatimaye, mwaka 1761, akanyongwa hadharani baada ya hukumu ya uzushi.

Ujenzi mpya nao uliongozwa na hoja kama hizo. Wahandisi chini ya Manuel da Maia, mzee aliyekaribia miaka 80, walibuni kiunzi cha mbao kilichoitwa gaiola, maana yake tundu la ndege, ambacho nguzo zake zilifungwa kwa mihimili iliyopishana kama herufi X na kufichwa ndani ya kuta, ili nyumba iyumbe bila kusambaratika. Husimuliwa kwamba kielelezo chake kilijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige gwaride kukizunguka.

Majibu ya maparoko yaliyosalia yamehifadhiwa Torre do Tombo, nyaraka za taifa za Ureno, ambazo mnara wake wa awali ulianguka siku ileile na hati zake kuokolewa kutoka kwenye kifusi kwa juhudi za Maia huyohuyo. Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Ureno katika Bahari ya Hindi na iliyokuwa katika kasri la kifalme ukingoni mwa mto, haikupata mwokozi, na kumbukumbu zake ziliteketea. Ndiyo maana mtafiti wa miaka ya Wareno huko Kilwa, Malindi na Mombasa hulazimika hadi leo kuunganisha habari zake kwa hati zilizonusurika Torre do Tombo na zile zilizobaki Goa.